Darasa la Jumatano Saa Kumi

Jumapili, 9 Februari

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka karakana. Natumai zitakukuta mzima, umekula, na umelala saa zinazotosha mtu mzima. Sisi hatujambo. Goti la mama yako bado linamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo wake haujapata ugonjwa wowote. Jana alinigombeza nusu saa kwa sababu nilimtengenezea friji yake bila kuombwa.

Nimeuona ujumbe wako kwamba umeshaniandikisha masomo ya mtandaoni. Asante. Ungeniuliza kwanza ningekataa, na nadhani ndiyo maana hukuniuliza. Tajiri wa karakana amesema wazi: kuanzia mwezi wa saba, asiye na cheti hashiki gesi. Miaka ishirini na sita nimefungua na kufunga mitambo ya baridi, na mwezi wa saba nitakuwa mtu wa kubeba ngazi na kuosha koili za wenzangu. Simlaumu, ni sheria imebadilika. Lakini usiku haufupiki kwa kujua hivyo.

Basi nimeingia. Masomo ya kutazama na kusoma kila mtu kwa wakati wake, hayo nimeyapenda. Somo la kwanza nilimsimamisha mwalimu mara kumi na nne ili niandike. Tangu nizaliwe hakuna mwalimu aliyenyamaza nilipomwomba, na huyu hata hakununa.

Shida ni Jumatano. Kila Jumatano saa kumi alasiri kundi linakutana kwa video, watu wanazungumza papo kwa papo, na theluthi ya alama inatoka hapo. Mwisho wa masomo kila mmoja atasimama aeleze kazi yake na kuulizwa maswali. Wewe unanijua. Nikitaja jina langu kwenye simu, mtu wa upande wa pili hudhani mtandao umekata. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nimejaliwa vyote viwili. Ndiyo maana mimi na wewe tunaandikiana.

Niambie jinsi ya kuikwepa Jumatano.

Mjomba wako


Jumanne, 11 Februari

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima kabisa, ila masikio ndiyo yamechoka. Tuko watu thelathini na wawili kwenye chumba kimoja cha kupokea simu za wateja, kila mtu na vipokea sauti vyake kichwani, na kwenye skrini kuna saa inayogeuka nyekundu mteja akizidisha dakika nne. Jana mama mmoja alianza kunieleza habari za mjukuu wake, nami macho yote kwenye saa. Nikifika nyumbani sitaki kusikia hata mlango ukigongwa. Mwambie Mama apake ile dawa ya goti, siyo kuiweka kabatini kama pambo.

Sasa nisikilize. Jumatano hukwepi. Mambo ya mtandaoni mimi nayajua, ndiyo kazi yangu: asiyeonekana hayupo. Unaweza kuandika kurasa mia kwenye ule ukurasa wa pamoja wa kundi, lakini wanaozungumza ndio wanaoamua, na mwalimu anawapa alama anaowasikia. Washa kamera, kaa kwenye mwanga, itikia kwa kichwa. Pale chini kuna sehemu ya kuandika ujumbe wakati wengine wanaongea. Tupia hata neno moja. "Naafiki." "Sawa." Watu wajue upo.

Na usiniletee haraka haraka haina baraka. Hiyo kila mvivu anayo mfukoni.

Neno la siri la masomo ninalo, nililitengeneza mwenyewe. Ukikwama, nitaingia nikuangalizie.

Mpwa wako anayekuombea


Jumapili, 2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na hujambo. Dawa imetoka kabatini. Imefika mezani. Bado haijafika gotini, lakini safari imeanza.

Nimehudhuria Jumatano tatu, nikiwa na kamera na mwanga kama ulivyoagiza. Tuko wanne. Yupo kijana fundi wa hoteli kubwa, mwepesi wa akili na wa maneno, ambaye siku ya kwanza alisema, "Lazima tuwe na mwenyekiti," na kabla hatujajibu akawa ameshakuwa. Namwita Mwenyekiti. Yupo mwingine ambaye mtandao wake hukata kila dakika tano, na Mwenyekiti husema, "Anarudi, anarudi sasa hivi." Basi jina lake limekuwa Anarudi. Wa nne ni mama mmoja anayesimamia chumba cha baridi cha chanjo kwenye zahanati, mji ulio nusu siku kwa basi kutoka hapa. Si fundi. Anasoma kwa sababu fundi wa kwao akiitwa leo huja baada ya siku tatu, na chanjo hazisubiri. Huyo tunamwita Dada wa Chanjo.

Jumatano ya kwanza waliniuliza ninafanya kazi wapi. Nilipoipata herufi ya kwanza, walikuwa wameshagawana kazi na kuaga. Sikuumia sana, nimezoea. Jumatano ya pili nilitupia lile "sawa" lako, nikagundua baadaye kwamba nimekubali kuchora michoro yote ya kundi.

Lakini ukurasa wa pamoja ni mambo mengine. Pale naandika asubuhi kabla karakana haijafunguliwa, nafuta, naandika tena, na neno linakaa nilipoliweka. Mwenyekiti hausomi, anasema mambo ya kusoma ni kupotezeana muda wakati watu wanaweza kuongea. Dada wa Chanjo anausoma. Nikiandika leo, keshokutwa nakuta maswali yake matatu, ya mtu aliyekaa akafikiri. Aliuliza kwa nini bomba moja linatoa jasho na la pili ni kavu. Nilimjibu kwa aya nne na mchoro.

Kazi ya kundi ni hiki chumba chake cha baridi. Tangu mwezi uliopita hakishiki baridi vizuri. Ametuma picha na vipimo, sisi tutafute ugonjwa. Mwenyekiti anasema gesi imepungua. Mimi nina shaka, ila sijasema kitu. Jumatano hii nitakuwa juu ya paa la duka kubwa, sitahudhuria. Nitatazama rekodi baadaye kwa mwendo wangu.

Mjomba wako


Jumatano, 5 Machi

Mjomba, shikamoo! Ya haraka tu, niko kwenye mapumziko.

Usinikasirikie. Nilikumbuka uko juu ya paa, nikasema Jumatano isipite bure, alama zikapotea. Nimeingia kwa jina lako, kamera nimezima, nikawa nasikiliza na kuandika pale chini. Mjomba, ungejiona! Umekuwa mchangamfu! Mwenyekiti akauliza, "Fundi, na wewe unaonaje?" Nikaandika: "Naafiki. Gesi imepungua." Kila mtu akafurahi, na mwalimu akasema, "Vizuri, leo fundi yupo nasi kweli kweli."

Theluthi ya alama, Mjomba. Hivi ndivyo inavyochumwa.

Mpwa wako


Ijumaa, 7 Machi

Mpwa wangu,

Natumai u mzima. Mimi mzima. Mama yako mzima.

Nakueleza yaliyotokea jana, kwa utaratibu, kwa sababu nataka uyajue yote.

Saa moja na nusu asubuhi nilifungua mtandao hapa karakana kusoma muhtasari wa Jumatano. Nikakuta imeandikwa: "Fundi ameafiki kwamba gesi imepungua. Kwa kuwa fundi ana uzoefu, Dada wa Chanjo amemwita mtu wa kujaza gesi. Kwa bahati huyo yuko karibu, anakuja kesho saa tano." Niliisoma mara mbili. Nilidhani kuna fundi mwingine.

Nikatazama rekodi. Dada wa Chanjo alikuwa anazungumza akiwa amesimama ndani ya chumba chenyewe, na nyuma ya sauti yake nilisikia feni. Nilirudisha nyuma, nikasikiliza tena, nikafunga macho. Feni ya chumba kile ilikuwa inahema kama mtu aliyefunikwa mto usoni. Hewa haipiti. Kitu kimeziba. Hiyo si gesi. Ukiongeza gesi kwenye mtambo ambao hewa yake haipiti, gesi inarudi kwenye kompresa, moyo wa mtambo, ikiwa bado maji, na kompresa inakufa. Zahanati ile inahudumia watoto wa tarafa nzima.

Nikaandika kwenye ukurasa wa pamoja, kwa herufi kubwa: USIJAZE GESI. Nikasubiri. Saa mbili, hakuna. Saa tatu, hakuna. Kwa mara ya kwanza nilielewa ubaya wa ukurasa ule: unangoja msomaji, na msomaji alikuwa anahesabu chanjo.

Nikapiga simu. Wewe unajua mara ngapi katika maisha yangu nimepiga simu. Akapokea, akasema, "Halo?" Nikataka kusema "usijaze", na ile U ikakaa kooni kama mfupa. Akasema, "Halo? Mtandao mbaya," akakata. Nikapiga tena. "Halo? Nani?" Akakata. Ilikuwa saa nne na robo.

Mara ya tatu nikapiga kwa video. Akaniona uso. Akasema, "Ah, ni wewe Fundi." Nami nikaacha kutafuta maneno. Nikaiweka simu juu ya meza, ikaegemea kopo la misumari. Nikamwonyesha kiganja: simama. Nikachukua mtungi wa gesi wa hapa karakana, nikauweka mbele ya kamera, nikautikisia kidole: hapana. Akasema, "Nisijaze?" Nikaitikia kwa kichwa. Nikachukua karatasi, nikaibana kwenye mlango wa friji mbovu iliyopo hapa, nikaivuta. Akaenda kufanya hivyo hivyo kwenye mlango wake. Akabana karatasi pembe ya chini, akavuta, ikatoka kama barua kwenye bahasha. Raba ya mlango imechanika. Hewa ya nje inaingia na unyevu wake, unyevu unaganda.

Nikamwonyesha bisibisi, nikamwonyesha wapi pa kufungua. Kwanza alihamisha chanjo zote kwenye makasha ya barafu, akahesabu, akazima umeme, ndipo akafungua kifuniko. Barafu ilikuwa imejaa kwenye koili, yale mabomba ya kupoza, nyeupe na nene kama godoro. Akaniambia, "Fundi, Jumatano ulisema gesi." Hapo nilitafuta maneno tena, na hayakuja, na hata yangekuja nisingejua niyaanzie wapi.

Mtu wa gesi alifika saa tano kamili. Alikasirika kuitwa bure, akachungulia, akasema, "Kumbe. Ningeua mashine hii." Akasaidia kuyeyusha barafu kwa maji vuguvugu. Jioni chumba kilishika baridi.

Hizo ndizo habari. Hakuna kilichoharibika. Lakini ulitumia jina langu kusema neno ambalo mimi singelisema hata kama ningekuwa na ulimi wa mtangazaji. Watu wamenipa mambo mengi ya kuvumilia kwa sababu ya kigugumizi, wamenicheka, wamenikatiza. Kusemewa uongo kwa jina langu, hilo limetoka kwako.

Nimebadilisha neno la siri. Usiandike kuomba radhi upesi upesi. Nitakuandikia nikiwa tayari.

Mjomba


Jumapili, 16 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumai hujambo. Umeniambia nisiombe radhi upesi. Nimengoja siku tisa. Kwangu ni nyingi. Najua kwako si kitu.

Nimekosa. Sina maneno ya kulipamba.

Nataka kukueleza jambo la zamani. Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa nakaa karakana baada ya shule na kupokea simu zako. Wateja walinizoea. Wewe uliandika kwenye kipande cha karatasi, mimi nikasema. Mama alinisifu, watu walisema, "Mtoto huyu ni mdomo wa mjomba wake," na mimi nikavimba kichwa. Hujui kwamba mara nyingine sikuwa nasema ulichoandika. Yule mwenye bucha, aliyekutukana mbele ya watu, uliniandikia: "Mwambie sitafanya kazi yake." Mimi nikamwambia, "Mjomba anakuja kesho saa mbili." Nilidhani nakuokoa na ugomvi. Ukaenda kesho yake saa mbili, kwa sababu alituma gari kukuchukua, na ukafanya kazi yake siku nzima huku akikusimamia.

Kwa hiyo Jumatano ile haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa tabia.

Sikuombi ujibu.

Mpwa wako


Jumapili, 6 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mama ameniambia kwenye simu kwamba upo, unakula, unasoma, na umenunua miwani. Nikamwuliza, "Amesema nini juu yangu?" Akajibu, "Kaka yangu amewahi kusema nini?" Akacheka peke yake, kisha akasema kwamba anayemtaka samaki huyu asitie mkono majini kila dakika. Basi natoa mkono.

Ila nikuambie moja. Wiki iliyopita yule mama wa mjukuu alipiga tena, nami nilimwacha amalize. Dakika kumi na moja. Shida yake hasa aliitaja dakika ya tisa, na ilikuwa ndogo, nikaitatua kwa dakika moja. Msimamizi aliniita ofisini, akanionyesha saa. Nikamwonyesha kwamba mama huyo alikuwa ameshapiga mara sita mwezi huo, kila mara akakatwa kwenye dakika ya nne. Msimamizi akakuna kidevu. Hakuniadhibu, wala hakunisifu.

Ni hayo tu.

Mpwa wako


Jumapili, 27 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo huko? Mimi sijambo, na miwani imenisaidia. Kumbe herufi za kompyuta hazikuwa na ukungu, ni mimi. Goti la mama yako limepungua uvimbe. Dawa ilifika gotini Jumatatu ya Pasaka, tukapiga makofi.

Yule mwenye bucha nilijua. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, nilikuwa na masikio. Nilikusikia ukisema, "Anakuja kesho saa mbili," na sikukukatiza. Sababu ninaijua leo: ilikuwa rahisi kuwa na mtu wa kunisemea hata akikosea kuliko kusema mwenyewe. Kwa hiyo tabia hiyo tuliilea wawili. Wewe ulikuwa na miaka tisa, mimi nilikuwa na thelathini na sita. Hesabu nani alipaswa kujua.

Nimekusamehe tangu ile barua yako ya Machi. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka kwanza niyamalize ya kundi mwenyewe.

Niliandika kwenye ukurasa wa pamoja kwamba lile "naafiki" halikuwa langu, kwamba jamaa yangu aliandika, na kwamba nina kigugumizi. Sikuwahi kuwaandikia wageni neno hilo kuhusu mimi mwenyewe. Dada wa Chanjo akajibu siku ya pili: "Nilijua. Aliyeandika Jumatano hakuuliza swali hata moja." Anarudi akaandika kwamba yeye mtandao wake haukatiki sana kama tunavyodhani, mara nyingi huuzima mwenyewe kwa sababu Mwenyekiti anaongea haraka naye anaona aibu kusema hajaelewa. Jumatano hayo yaliposomwa kwa sauti tulicheka sote, hata Mwenyekiti, ingawa yeye alichelewa kidogo.

Kisha ukaja ubishi wenyewe. Nilimwandikia mwalimu niruhusiwe kutoa maelezo ya mwisho kwa rekodi. Akakubali. Mwenyekiti akapinga. Alisema mbele ya wote, "Kwa heshima zote, Fundi. Sisi tutaulizwa maswali ya ghafla, wewe utajifungia ndani na kujirekodi mara ishirini mpaka upendeze. Na kazini mtambo ukilipuka utajirekodi?" Niliumia, halafu nikaona ana neno. Alhamisi ile ya barafu, ukurasa wangu mzuri haukunifaa kitu. Ilibidi nipige simu.

Nikamjibu pale pale, kwa mdomo. Nilisema, "Ma-maswali niulizeni papo hapo. Nitajibu. Mtangoja." Ilichukua muda kiasi kwamba Anarudi alitoka na kurudi kweli kweli. Mwenyekiti akasema, "Sawa, tutangoja." Akatazama pembeni, kisha akasema tena, kwa sauti ya chini, "Na ukurasa nitausoma."

Sasa tumepanga hivi. Jambo lolote linakaa kwenye ukurasa siku mbili, kila mtu alisome kwa wakati wake na kuandika. Halafu Jumatano tunakutana kwa nusu saa tu, kwa yale ambayo hayakuandikika. Mambo ya mikono tunaonyeshana kwa kamera. Dada wa Chanjo amejifunza kusikiliza kompresa kwa kuegemeza bisibisi sikioni, na nimemfundisha bila kusema zaidi ya maneno sita. Ni mwepesi wa kushika. Ana utani wa taratibu ambao unaupata keshokutwa yake.

Neno la siri jipya sikupi. Lakini barua nipe.

Mjomba wako


Alhamisi, 1 Mei

Mjomba wangu, shikamoo shikamoo!

Nimesoma barua yako chooni kazini, nikatoka macho mekundu, mwenzangu akauliza nani amekufa. Nikamwambia, "Amefufuka."

Asante. Sitasema zaidi nisije nikaharibu.

Ila nina swali, na utalijibu kwa wakati wako. Nimehesabu barua zako zote tangu Machi. Mwenyekiti wako anatajwa kwa sababu anakukera, Anarudi kwa sababu anachekesha. Huyu Dada wa Chanjo anatajwa kwa sababu gani?

Mpwa wako mchokozi


Jumapili, 8 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, mchokozi. Habari za huko? Hapa wote wazima, na nina habari mbili.

Ya kwanza: nimefaulu. Rekodi yangu nilijaribu mara kumi na moja, na mwisho nikatuma ile ya kwanza, kwa sababu zilizofuata zilikuwa laini mpaka sikujitambua. Maswali waliniuliza papo hapo, matatu. Mawili nilijibu vizuri. La tatu nilibanwa, nikaomba kuchora, mwalimu akaniruhusu. Mwenyekiti amenizidi alama tisa, na nimempongeza kwa moyo, kijana anajua. Cheti kimetundikwa karakana, ukutani juu ya mitungi. Tajiri alikisoma, akaniambia, "Kumbe una majina matatu."

Ya pili ni jibu la swali lako.

Jumamosi ya wiki iliyopita Dada wa Chanjo alikuja. Alisema anahitaji raba ya mlango wa pili wa chumba chake. Raba ya aina hiyo inaagizwa kwa simu na kufika kwa basi, naye anajua, na mimi najua. Alifika saa sita mchana na begi dogo na daftari. Ni mfupi kuliko anavyoonekana kwenye kamera. Mume wake alifariki miaka minane iliyopita, binti yake ameshaolewa. Nilimzungusha karakana yote. Aligusa kila kitu, akauliza kila kitu. Mama yako alipita "kwa bahati" mara tatu.

Baada ya chai tulikaa kwenye benchi la kazi. Nilikuwa na jambo la kumwambia. Ningeweza kuliandika, wiki mbili nzima niliandika na kufuta. Lakini nilitaka alisikie likitoka kwangu jinsi linavyotoka. Mpwa wangu, lilichukua muda mrefu. Nilikwama kwenye neno la kwanza, nikakwama kwenye la tatu, nikarudi mwanzo. Hakunitazama mdomo kama wanavyofanya watu. Hakutazama saa. Hakunisaidia neno hata moja. Alishika kikombe chake akangoja, kama mtu anayengoja maji yachemke na hana haraka ya kwenda popote.

Nilipomaliza alisema, "Nimekusikia. Ila mimi jambo la maisha silijibu papo hapo. Nipe muda, nitakuandikia."

Akachukua raba yake, akapanda basi.

Leo ni siku ya nane. Sasa ndiyo naelewa nilivyokufanyia Machi na Aprili. Unisamehe.

Mjomba wako


Alhamisi, 12 Juni

MJOMBA!

Shikamoo, hongera ya cheti, na AMEJIBU? Nipigie simu! Au basi usipige. Andika. Andika hata neno moja. Nimeshindwa kula. Mama anasema na yeye ameshindwa kula, lakini nilimsikia akitafuna.

Mpwa wako


Jumanne, 17 Juni

Mpwa wangu,

Natumai umekula. Mimi pia leo nimekula.

Barua yake imefika, ya karatasi, imeletwa na dereva wa basi. Kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ni hali ya chumba cha baridi: milango yote miwili inabana, nyuzi joto nne bila kuyumba tangu Jumatatu. Nilisoma kila mstari, sikuruka.

Ukurasa wa pili ni masharti. La kwanza ni kwamba yeye haondoki kwenye zahanati ile, kwa hiyo atakayehama ni mimi. Amesema wilaya yao nzima haina fundi wa baridi mwenye cheti, ameshauliza. La pili, kila mmoja amalize sentensi yake mwenyewe. La tatu ni la mapishi, linatuhusu sisi wawili tu.

Neno lenyewe lilikuwa ukurasa wa tatu, mstari wa mwisho.

Nimemwambia tajiri leo mchana. Alikaa juu ya mtungi mtupu, akauliza nitamwachia nani ile mitambo ya duka kubwa. Nitakaa mpaka mwisho wa mwezi wa saba nimfundishe mwenzangu. Mama yako amelia, amecheka, ameanza kuniambia vyombo gani nichukue na vipi niache, na vile vizuri vyote vimo kwenye orodha ya kuacha.

Omba likizo mwezi wa nane, uje harusini. Anwani mpya nitakutumia nikishaizoea. Amesema chumba chetu kina dirisha linalotazama uani, na chini ya dirisha ameshaweka meza.

Mjomba wako